Dakika Mia Mbili

Dakika arobaini, mara watu watano:
mia mbili. Haziongezeki kwa dua.
Ninaziandika kwenye daftari la chama cha msingi,
nyuma ya kurasa za magunia ya korosho,
maana kazi ni ileile: nani kaleta kiasi gani,
na nani atakuja kulalamika kwamba mizani imempunja.

Lindi wametufunga kwa pointi kumi na nne.
Tumebaki uwanjani Ligula, saruji bado ina moto,
mimi, kocha Mchopa,
Hokororo wa duka la vipuri, anayetununulia mipira,
na Mama Somoe, asiye na cheo chochote,
ila hajakosa mchezo tangu enzi za jezi za kuazima.

"Nandonde, dakika thelathini na tatu!" Hokororo anaanza.
"Mtu wa miaka thelathini na sita, goti limefungwa kama kifurushi!
Mnajenga timu au makumbusho?"

Kocha anachora duara kwa kisigino.
"Nikimtoa yeye, nani atapiga kelele kule nyuma?
Hawa watoto wanakaba kimyakimya, utadhani wako kwenye mtihani."

"Basi wafeli! Wafeli mwaka huu tujue moja.
Shazili ana urefu wa mlango na nusu,
umempa dakika nne. Nne! Hata chai haijapoa."

"Dakika nne, faulo tatu," anasema Mama Somoe.
"Mpe nane, atatolewa kabla hajatoka jasho."

Msimu uliopita tulishinda mechi mbili.
Walioshinda hizo mbili hawapo:
mmoja kapata ajira Dodoma,
wawili wamefuata posho Dar,
mmoja kaoa Tunduru, akatuachia raba zake
ambazo hazimtoshi mtu.
Tulichobaki nacho ndicho hiki tunachokigawana:
Chitanda, anafunga kwa mbali lakini hakabi hata kivuli;
Likonde, anakaba mpaka refa anamwonea huruma mpinzani,
ila akiushika mpira ni kama kashika kaa la moto.
Wapange pamoja, wanagongana.
Watenganishe, kila mmoja ni nusu mtu.

Mimi nina langu, sijalisema.
Likonde ni mtoto wa dada yangu.
Dakika za wengine naandika kwa penseli,
zake kwa wino.

Wanabishana, najumlisha.
Mia moja tisini na saba.
Najumlisha tena kutoka chini kwenda juu,
kama tunavyofanya mkulima akikunja ndita:
mia moja tisini na saba.

Nafuata mstari kwa kidole. Robo ya tatu,
dakika ya ishirini na saba, Nandonde katoka.
Aliyeingia: hakuna.
Dakika ya thelathini, Nandonde karudi.
Kwa mujibu wa daftari, hapo katikati tulikuwa wanne,
na hao wanne walifunga tisa, Lindi sifuri.

"Nani uliyemwingiza?" namuuliza kocha.
"Mimi? Nilikuwa nagombana na refa."

Mama Somoe anakung'uta khanga yake.
"Nandonde alimvuta Shazili kwa jezi, akamsukuma ndani,
akakaa kwenye kiti cha mtoto, akajifunika taulo.
Na wewe mwandishi ulikuwa umeinama unachonga penseli."

Kimya. Mpira wa watoto wa mtaani unadunda upande wa pili.
Nandonde mwenyewe hayupo wa kuulizwa,
ana zamu ya usiku bandarini.

"Umeona?" anasema Hokororo.
"Nimeona nini? Dakika tatu!"
"Tisa kwa sifuri!"
"Lindi walikuwa wamechoka."
"Na sisi tulikuwa tumelala?"

Nageuza kalamu. Shazili: nne, nafuta, saba.
Naandika kwa wino, kisha naona haya,
naenda juu kwenye jina la Likonde
na kulikazia macho muda mrefu.

Jumamosi tuna Masasi.
Kocha kaniomba karatasi tupu.
Kaandika watano, kakata mmoja,
katazama goli lisilo na wavu,
kaliandika tena jina lilelile,
safari hii kwa herufi ndogo.